Huyu bwana wa "ungenisikiliza" amebadilisha orodha yake tukimtazama

Wakuu, heshima zenu. Sina haja ya kumtaja jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kutia mguu katika uzi wowote wa utabiri wa tuzo za filamu za Oscar humu asiyemfahamu. Ni yule anayeanza kila andiko lake kwa "kama nilivyokwisha kusema", hata linapokuwa jambo ambalo yeye mwenyewe ndiyo kwanza analisikia. Leo, Mikey Madison hajamaliza hata kushukuru kwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike, bwana huyu amenifuata kwenye uzi wangu, chini ya jedwali langu la utabiri, akaniandikia neno moja tu: "Ungenisikiliza."

Mimi! Nimsikilize yeye!

Naomba nieleze kwa utaratibu, ingawa mikono inanitetemeka. Tarehe 5 Januari 2025 Demi Moore alishinda Golden Globe, na tarehe 7 Februari akashinda Critics Choice. Hapo bwana akatangaza kwamba kinyang'anyiro kimekwisha, akaandika uhakika wa asilimia 95 kwa wino mzito, akatushauri tuelekeze akili zetu kwenye tuzo za mavazi. Siku iliyofuata Anora, filamu aliyoigiza Madison, ikashinda tuzo ya watayarishaji na ya waongozaji kwa mkupuo, na tarehe 16 Februari Madison akachukua BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Siku hiyo hiyo nilimhamishia nafasi ya kwanza, nikaweka tarehe, nikaweka na sababu. Golden Globes hupigiwa kura na waandishi wa habari, Critics Choice hupigiwa na wakosoaji, na hao hawamchagulii mtu Oscar. BAFTA, kwa upande wake, ina wapiga kura wengi ambao ni wanachama wa Akademi, yaani wenye Oscar, pia. Nilikumbusha kwamba Olivia Colman mwaka 2019, na Anthony Hopkins na Frances McDormand mwaka 2021, wote walikosa tuzo ya chama cha waigizaji, wakapata BAFTA, kisha wakaondoka na Oscar. Sikuota ndoto. Nilikaa nikahesabu.

Tarehe 23 Februari Moore akashinda tuzo ya waigizaji, na bwana akaja mbio kama mtu aliyeachiwa urithi. Aliandika kwamba nifunge jedwali langu, kwamba BAFTA ni karamu ya Waingereza na wageni wao, na kwamba watu wa aina yangu hatutabiri bali tunatamani. Nikanyamaza. Kwa siku saba nzima nilibeba maneno hayo, jina la Madison likabaki pale pale nilipoliweka.

Leo bahasha imefunguliwa, na kabla sijaandika hata herufi moja ya furaha nikakutana na "Ungenisikiliza."

Nikadhani amekosea uzi. Nikaenda kuitazama orodha yake, na hapo ndipo damu ilipopanda kichwani. Asilimia 95 haipo tena, wala Demi Moore hayupo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo lazima uisogeze simu usoni ndipo uzione, pameandikwa "imehaririwa". Mahali alipokuwa Moore sasa pana jina la Mikey Maddison. Lisomeni tena jina hilo, wakuu: Maddison, kwa d mbili. D hizo ni zangu! Niliandika hivyo kwa haraka mwezi Februari na sikuwahi kusahihisha. Nendeni kwenye jedwali langu mtazikuta zimekaa hapo hapo hadi sasa. Mtu ameniibia utabiri pamoja na kosa la tahajia, kisha amepita kunikabidhi ushauri kwamba ningemsikiliza.

Bwana huyu angekuwepo mwaka 1929, kwenye sherehe ya kwanza kabisa pale Hoteli ya Roosevelt, ambako washindi walikuwa wamekwisha kutangazwa miezi kadhaa kabla, bado angekosea, halafu angetafuta mahali pa kuhariri. Usiku ule wa mwaka 2017 bahasha zilipochanganywa, La La Land ikatajwa kimakosa badala ya Moonlight, alikuwa sahihi kwa dakika mbili tatu, na mpaka leo hiyo ndiyo rekodi yake bora. Mwaka 2022 alitusomea kanuni kwamba filamu isiyoteuliwa kwa uongozaji wala kwa uhariri haiwezi kuwa filamu bora; CODA ikaingia na uteuzi wa vipengele vitatu tu, bila uongozaji, bila uhariri, ikashinda vyote vitatu, huku The Power of the Dog aliyoishika ikitoka na tuzo moja katika vipengele 12. Baada ya hapo tukaambiwa kwamba kanuni hiyo aliitaja kama mfano tu.

Yote hayo nilimsamehe. Kukosea si dhambi katika kazi hii, na anayetabiri vipengele vyote bila kukosea hajazaliwa. Nisichoweza kukimeza ni neno lile, tena kwenye jedwali ambalo nimelijaza usiku baada ya usiku tangu filamu za matamasha ya Venice na Telluride zilipoanza kuonyeshwa. "Ungenisikiliza." Hakuweka hata alama ya mshangao. Ameweka nukta, kama hakimu anayefunga faili.

Nimemaliza, au sijamaliza, sijui. Mlioiona orodha yake kabla haijahaririwa, jitokezeni.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, mimi niliiona, na ninathibitisha asilimia 95 ilikuwepo tangu mwanzoni mwa Februari. Mwaka 2020 alinifanyia vivyo hivyo. Filamu iitwayo 1917 ilikuwa imeshinda Golden Globe, tuzo ya watayarishaji, ya waongozaji na BAFTA, nami nikasema Parasite itapita kwa sababu waigizaji wameipa tuzo yao kubwa na wanachama wa Akademi wanaipenda hata wale ambao hawaiweki ya kwanza. Alinicheka, akaniambia filamu isiyo ya Kiingereza haijawahi kuwa filamu bora tangu dunia iumbwe. Ilipotangazwa, aliandika kwamba yeye aliihisi tangu ilipopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Cannes. Nilitaka kulia.

Mchangiaji wa 3: Uzi mzima kwa ajili ya neno moja? Mleta uzi, pokea ushindi wako ukalale. Na kwa kuwa umejifanya mwalimu wa BAFTA, tueleze ilikuwaje mwaka 2023, ambapo washindi wote wanne wa uigizaji wa BAFTA walikosa Oscar, na wote wanne wa chama cha waigizaji wakashinda. Cate Blanchett alikuwa na BAFTA mkononi, na Michelle Yeoh ndiye aliyepanda jukwaani. Ungetumia hesabu zako mwaka huo ungeondoka na sifuri.

Mleta uzi: Nilizitumia, na kweli nilikosa. Jedwali langu la 2023 lipo, nenda ukalitazame. Nilimweka Blanchett na amebaki hapo hapo, sikumfuta. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia tangu mwanzo. Mada si BAFTA. Mada ni mtu aliyefuta jina la Moore, akaandika la Madison kwa d zangu mbili, kisha akaniambia "Ungenisikiliza."

Mchangiaji wa 4: Tukubali pia kwamba kosa kubwa la bwana huyo ni kutoielewa kura ya filamu bora. Tangu sherehe ya 2010 wapiga kura huzipanga filamu kwa namba. Ikiwa hakuna iliyovuka nusu ya kura, yenye chache zaidi huondolewa, na karatasi zake huhamia kwa filamu iliyoandikwa inayofuata, hivyo hivyo hadi moja ivuke. Kwa hiyo filamu ambayo watu wengi wanaiweka ya pili au ya tatu inaweza kuishinda ile inayoabudiwa na wachache na kuchukiwa na wengine. Tuzo ya watayarishaji huhesabiwa kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana mimi huitazama kuliko nyingine zote. Huwezi kutabiri kwa kuuliza nani ana kelele nyingi.

Mchangiaji wa 5: Mnalalamikia neno wakati wengine tuna majeraha. Mwaka 2019 Glenn Close alikuwa na Golden Globe, alikuwa na tuzo ya waigizaji, ulikuwa uteuzi wake wa saba wa Oscar, nami nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watu wote ninaowajua kwamba safari hii hakosi. Jina likasomwa, akawa Olivia Colman. Baadaye akateuliwa mara ya nane, akakosa tena. Mleta uzi hapo juu anamtaja Colman kama ushahidi wa hesabu zake, bila hata kusema pole.

Mchangiaji wa 6: Kero halisi ya usiku huu ni waigizaji wakuu wanaosajiliwa kama wasaidizi. Zoe Saldaña ndiye anayeibeba Emilia Pérez tangu dakika za mwanzo, na Kieran Culkin yuko karibu kila mahali katika A Real Pain, lakini wote wawili wamefagia msimu mzima katika kundi la wasaidizi: Golden Globe, Critics Choice, BAFTA, tuzo ya waigizaji, na sasa Oscar. Mtu aliyefanya kazi ya usaidizi kwelikweli atashindana vipi na mwenye filamu? Sisi watabiri tumezoea mchezo huu hadi tunauita mkakati, na mimi ninasema ni uonevu.

Mchangiaji wa 3: Muda wa kuonekana si hoja. Judi Dench alishinda mwaka 1999 kwa muda usiofika dakika 10.

Mchangiaji wa 6: Huo ni mfano wangu, si wako! Dench alikuwa msaidizi wa kweli. Mimi ninamzungumzia mtu ambaye ukimwondoa, filamu nzima inabaki viti vitupu.

Mchangiaji wa 2: Wasimamizi wanaweka makundi hayo kwa nini basi, kama studio ndizo zinazoamua nani apigiwe debe wapi?

Mchangiaji wa 4: Studio hupendekeza tu kupitia kampeni zao. Mpiga kura wa tawi la waigizaji anaruhusiwa kumweka mtu kundi lolote analoona linamfaa, ingawa wengi hufuata walichoelekezwa.

Mleta uzi: Wakuu, ninawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja aliyejibu kuhusu uhariri ule. Nimerudi kuitazama orodha sasa hivi. Ameondoa d moja. Ameusoma uzi huu, akaenda kimya kimya akaondoa d moja, na neno lake "Ungenisikiliza" ameliacha lilivyo chini ya jedwali langu.

Mchangiaji wa 7: Pole sana mkuu, ila na mimi nina langu. Nimeongoza mashindano yetu ya kutabiri usiku wote: nilimpata Madison, nilimpata Adrien Brody kwa mwigizaji bora wa kiume, nilimpata Sean Baker, mwongozaji wa Anora, katika tuzo zake zote nne, hata Flow niliipata kwa filamu bora ya katuni wakati wenzangu wote walikuwa na The Wild Robot. Kisha zikaja filamu fupi, nikakosa zote tatu: ya katuni, ya maigizo na ya hali halisi. Nimemaliza wa nne. Aliyenishinda hajatazama hata moja kati ya hizo. Alichagua majina yaliyomvutia.

Mchangiaji wa 5: Filamu fupi ndizo zilizonimaliza na mimi. Ile ya Iran iliyoshinda kwa katuni, In the Shadow of the Cypress, niliitazama mwezi Januari, nikaipenda, kisha nikaitoa dakika ya mwisho kwa sababu kila mtu alisema haina nafasi.

Mchangiaji wa 7: Mimi pia niliitoa! Nani alituambia haina nafasi?

Mchangiaji wa 2: Nadhani mnamjua.

Mchangiaji wa 7: Basi mwenye utaratibu wa kuzitazama zote 15 kabla ya kura kufungwa, aulete hapa mapema mwakani, kwa sababu pointi tatu ni nyingi mno kuziacha kwa bahati.