Kuanzisha kikundi cha mchezo wa kuigiza wahusika mtandaoni kwa watu wasiowahi kucheza

MwanaKamalondo (Lubumbashi)

Salamu kwenu nyote. Tuko watu sita tunaotaka kuanza mchezo wa kuigiza wahusika, ule ambao mwongozaji husimulia hali ilivyo, kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua pale ambapo matokeo yana mashaka. Watatu tunaishi Lubumbashi, wawili wako Bukavu na mmoja yuko Goma, kwa hiyo hatuna meza nyingine isipokuwa ya mtandaoni. Mimi nimetazama vikao vya wengine kwenye video na kusoma sehemu ya kanuni za Dungeons & Dragons, na kwa sababu hiyo pekee wenzangu wameniteua kuwa mwongozaji. Wanne kati yetu wana simu tu. Umeme hukatika bila taarifa, na kila mtu hununua intaneti kwa vifurushi vidogo.

Ningependa kujua ni kanuni zipi zinazowafaa wanaoanza, ni programu gani itakayovumilia hali yetu, kikao kiwe cha muda gani, na kama ninapaswa kuandika hadithi nzima kabla ya siku ya kwanza.

DaduZaLudo (Bukavu)

Karibu sana. Ushauri wangu ni kuziacha kwanza zile programu za kuonyesha ramani na vibao vya wahusika. Ni nzuri kwa mwenye kompyuta na mtandao usioyumba, lakini kwenye kioo cha simu mchezaji hutumia nusu ya kikao akikuza na kupunguza picha badala ya kucheza. Fungueni kikundi cha Telegram. Mtu akituma pale alama ya dadu, namba hutolewa na seva yenyewe, si simu yake, hivyo hakuna atakayemshuku mwenzake, na maongezi ya sauti ya kikundi yamo humohumo. Video iachwe kabisa. Mkondo wa sauti wa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban megabaiti 29 kwa saa, na kiasi hicho hata kifurushi kidogo hukimudu.

Kuhusu kanuni, tafuteni mchezo unaotumia dadu mbili za kawaida za pande sita, zile za ludo ambazo kila nyumba inazo. Familia kubwa ya michezo ya namna hiyo ilitokana na Apocalypse World, uliotoka mwaka 2010, na hesabu yake ni rahisi kumweleza mtu kwa dakika chache. Dadu mbili zina matokeo 36 yanayowezekana. Katika 15 kati ya hayo jumla haifiki 7, na hapo mwongozaji huleta tatizo. Katika mengine 15 jumla ni 7 hadi 9, na mhusika hufaulu lakini kwa gharama fulani. Katika 6 tu jumla ni 10 au zaidi, naye hufaulu bila masharti. Ukimwongezea mchezaji alama 1 kwenye jumla kwa jambo ambalo mhusika wake analijua vizuri, matokeo ya kushindwa hushuka kutoka 15 hadi 10. Utamu wote uko pale katikati, kwa sababu mchezaji amepata alichotaka na papo hapo ameingia katika shida mpya, kwa hiyo hadithi inasonga mbele yenyewe hata kama mwongozaji ni mgeni katika kazi hiyo.

MsomajiWaKanuni (Lubumbashi)

Ninatofautiana kidogo na mwenzangu wa Bukavu. Watu wengi huvutwa na mchezo huu kwa sababu wamesikia jina la Dungeons & Dragons, ambao ulibuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, na ukiwaambia kwamba watacheza kitu kingine shauku yao hupoa kabla hawajaanza. Gharama si kisingizio tena. Tangu Januari 2023 hati ya kanuni zake za msingi, SRD 5.1, iko chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuitumia bure, na mwaka huohuo ilitolewa kwa Kifaransa pia, lugha ambayo wengi wetu tulisomea shuleni. Someni kanuni kwa Kifaransa na mcheze kwa Kiswahili. Kile cha Lubumbashi na kile cha Bukavu havilingani kwa kila neno, lakini nawahakikishia kwamba mezani tofauti hiyo huleta vicheko kuliko matatizo.

Hata hivyo ninakubali kwamba mchezo huo una dadu za aina sita, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20, na kwamba mgeni akikabidhiwa karatasi tupu ya mhusika atapotea. Basi mwongozaji aandae wahusika watano walio tayari, wa ngazi ya kwanza, yaani ile ya wahusika wanaoanza, kila mmoja kwenye ukurasa mmoja wenye yale tu yatakayotumika, na kila mchezaji achague wake na kumpa jina. Mapigano yawe moja tu katika kikao cha kwanza, tena mafupi, kwa maana kusubiri zamu ya watu watano kwa sauti inayokatikakatika huchosha hata wazoefu.

DadaWaHimbi (Goma)

Ndugu zangu mmejadili dadu vizuri, lakini kuna jambo linalopaswa kutangulia dadu. Kabla ya kucheza, fanyeni kikao kimoja cha kupatana bila kurusha chochote, ambamo kila mtu anasema anataka hadithi ya namna gani na nini asichotaka kukisikia. Hadithi nyingi za michezo hii hufunguliwa kwa kijiji kilichoshambuliwa, watu wanaokimbia na vifurushi kichwani, au mtoto aliyetekwa. Mwandishi aliyeko mbali huona hiyo ni njia nyepesi ya kuamsha hamu ya wachezaji. Kwa mtu wa Goma au wa Bukavu hayo ni mambo ya ndugu na majirani zake, na huenda amekuja mezani Jumamosi jioni ili ayapumzikie. Simaanishi kwamba vita vikatazwe. Wapo wanaotaka kushinda katika mchezo kile ambacho maisha hayakuwaruhusu kukishinda. Ninachosema ni kwamba mwongozaji asibahatishe. Aulize kila mmoja kwa faragha, kwa sababu mbele ya kikundi watu husema hawana tatizo.

Pia wekeni ishara moja ambayo mchezaji yeyote anaweza kuituma katikati ya kikao, na ikitumwa tukio lile linarukwa bila maelezo kudaiwa. Wachezaji wa nchi nyingine hutumia kadi yenye herufi X kwa kazi hiyo. Kwenye Telegram herufi yenyewe inatosha.

Na neno dogo kuhusu jirani na wazazi. Mtu akisikia kupitia ukuta kwamba kijana wa nyumba ya pili anataja majini na kuloga watu usiku, atafikiria bulozi, na kesho mchungaji atakuja kuuliza. Marekani yenyewe ilikuwa na hofu ya namna hiyo juu ya mchezo huu katika miaka ya 1980. Waelezeni wa nyumbani mapema, au chagueni hadithi isiyo na uchawi.

MwanaKamalondo (Lubumbashi)

Dada, asante sana. La kuuliza kila mmoja kwa faragha sikuwa nimelifikiria kabisa. Nimeamua kuanza na dadu mbili, na ninamwomba yaya MsomajiWaKanuni asikasirike, kwa kuwa wahusika walioandaliwa tayari nitawachukua kutoka kwake. Limebaki swali la hadithi. Nikiacha majoka na ngome za Ulaya, niweke nini mahali pake, na niandike kiasi gani?

MsomajiWaKanuni (Lubumbashi)

Sikasiriki. Unaishi Katanga na bado unatafuta hadithi? Chukua Bunkeya ya wakati wa mfalme wake Msiri, kabla hajauawa Desemba 1891. Ulikuwa mji wa biashara ya shaba, chumvi na pembe za ndovu, wenye misafara iliyoelekea pwani zote mbili, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, na wageni wa lugha nyingi waliolazimika kuelewana. Wachezaji wako wawe watu wa msafara mmoja: mpagazi, mkalimani, mfua shaba, mganga wa mitishamba na binti wa mfanyabiashara. Usiku wa kwanza kambini, mzigo wa misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama fedha, umetoweka na hakuna nyayo zinazotoka nje ya kambi. Hapo hakuna kijiji kinachochomwa wala mtu anayeloga, na kila mhusika ana sababu ya kushukiwa.

Usiandike hadithi nzima, kwa sababu wachezaji wataiacha njia uliyoichora kabla dakika kumi hazijaisha. Andika watu wanne wa kambi hiyo, kila mmoja anataka nini na anaficha nini, pamoja na jambo litakalotokea alfajiri ikiwa hakuna aliyefanya lolote. Ukurasa mmoja unatosha.

DaduZaLudo (Bukavu)

Nijibu lililobaki kuhusu muda. Saa moja na nusu kwa kikao, na mpange vikao vitatu tu vya hadithi hiyo, kwa kuwa mtu mwenye kazi huahidi vikao vitatu kwa urahisi kuliko mwaka mzima. Miji yenu mitatu iko katika saa moja, lakini mkimwalika mtu wa Kinshasa yeye yuko nyuma kwa saa moja, na wa Nairobi au Dar es Salaam yuko mbele kwa saa moja; andikeni kwa tarakimu, kama 19:00, na mtaje ni saa ya mji gani.

Umeme ukimkatikia mchezaji, mhusika wake anakaa kimya kambini na mwingine anamtunzia zamu yake. Ukikukatikia wewe mwongozaji, wachezaji wahamie kwenye maandishi, kila mmoja aandike kile ambacho mhusika wake anamwambia mwenzake pale motoni, na ukirudi uyasome yote kabla ya kuendelea. Mara nyingi mwizi wa shaba utamkuta wamekwisha kumchagua wenyewe, naye si yule uliyemwandika.