Glock 17 Gen3 ya mashindano: rodi ya chuma au ya tangsteni? Na bafa ina kazi gani?

Mlengaji_Nakuru
Hamjambo wadau. Bastola ni Glock 17 Gen3 (kizazi cha tatu), ndani haijabadilishwa kitu, na ni ya mechi za IDPA (mashindano ya bastola za kujilinda), daraja la SSP, yaani bastola za kawaida za kiwandani. Risasi ni za kiwandani, 9mm za greni 124 (uzito wa kichwa cha risasi), zile laini. Nikipiga mbili za haraka kwenye mita 7, ya pili inakaa chini ya ya kwanza, na maganda yanadondoka karibu na viatu. Nataka kutoa ile rodi ya plastiki inayopita katikati ya springi ya slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) niweke ya chuma au ya tangsteni, pamoja na springi ya pauni 13 au 15. Nimepewa pia bafa za plastiki, vipande vya kupunguza kishindo cha slaidi, eti zinalinda fremu (mwili wa chini). Nianze na ipi?

Fundi_Kisumu
Mkuu, anza na springi. Rodi kazi yake ni kuinyoosha springi isijipinde inapobanwa. Bafa iweke kando kwanza.

Springi ya kiwandani ya Gen3 ni pauni 17. Imewekwa na nguvu hiyo ili bastola imeze risasi za kila aina, hata kali za kijeshi, na ifunge hata ikiwa chafu. Sasa piga hesabu ya nguvu ya risasi yako (power factor): greni 124 ikitoka kwa futi 1,050 kwa sekunde ni 124 × 1,050 ÷ 1,000, yaani 130. SSP inadai angalau 125, kwa hiyo uko juu ya mstari kidogo tu. Kwa risasi laini hivyo, pauni 17 inaichelewesha slaidi kurudi nyuma, ndiyo sababu ya maganda kuanguka miguuni. Kisha inairudisha mbele kwa kishindo na mtutu unainama.

Ila usiilaumu springi kabla ya kujipima. Mwombe mwenzako akupakilie magazini na achanganye risasi bandia mbili tatu bila kukuonyesha zilipo. Ukivuta triga kwenye bandia na mtutu ukainama, hapo ni mkono wako unaosukuma bastola, na hilo halina dawa dukani.

Kama mkono uko sawa, weka pauni 15. Usirukie 13. Kwenye Glock, ukivuta triga unavuta nyuma pini (inayogonga risasi ilipuke), na springi ya pini inaivuta slaidi nayo nyuma kidogo. Springi ya slaidi ikiwa dhaifu mno, slaidi inaachana na mtutu kabla pini haijapiga. Kipimo chake ni hiki, bastola ikiwa tupu, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, na hakuna risasi yoyote katika chumba ulichomo:

1. Vuta triga na uishikilie hapo hapo.
2. Elekeza mtutu juu, mahali salama.
3. Vuta slaidi hadi mwisho, kisha irudishe polepole kwa mkono, usiiachie.

Lazima ifunge kabisa yenyewe. Ikikwama ikiwa imebaki milimita mbili tatu, springi hiyo haikufai. Usiitibu kwa kulegeza springi ya pini, maana utaanza kupata risasi zisizolipuka, hasa zenye kiberiti kigumu (kile kinachowasha baruti).

Ukifika uwanjani, weka risasi moja moja kwenye magazini na upige kwa mikono miwili, kisha wa kulia peke yake, kisha wa kushoto. Kila mara slaidi ibaki wazi. Hapo Nakuru kiangazi cha Januari na Februari vumbi ni jingi, na springi laini haina nguvu ya akiba ya kufunga slaidi yenye mchanga. Kwa hiyo rudia kipimo bastola ikiwa chafu, kwa sababu ikiwa safi kila kitu hufaulu.

Sheria_Kwanza
Tangsteni isahau kama ni IDPA. Kwenye SSP na ESP (daraja la bastola zilizoboreshwa) rodi haitakiwi kuwa ya madini mazito kuliko chuma cha pua. Tangsteni safi ni gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma ni kama 7.8, na uzito huo ukikaa mbele ndio unaotuliza mtutu. Ndiyo maana imekatazwa. Chuma cha pua kinaruhusiwa, ingawa tofauti utakayoisikia ni ndogo.

Kingine: agiza rodi na springi kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni. Usizifiche kwenye begi ukitoka ng'ambo ukidhani forodha wataona springi ya kalamu.

Mlengaji_Nakuru
Nimewapata. Na bafa? Aliyenipa anaapa kwamba bila bafa fremu itapasuka.

Fundi_Kisumu
Hapana. Bafa zilipata jina kwenye 1911 za .45, ambako fremu ni ya chuma na kile kipande cha plastiki hukaa kwenye kichwa cha rodi. Fremu ya Glock ni ya polima na inajikunja kidogo yenyewe. Kinachoipiga fremu ni springi iliyochoka au iliyo laini kupita risasi.

Tatizo la bafa ni nafasi inayokula. Slaidi inatakiwa ipite kidogo nyuma ya pale inapofungwa na kizuizi kinachoiacha wazi. Ukipunguza milimita mbili au zaidi, inaweza isifike kizuizini, au isirudi nyuma ya risasi vya kutosha kuisukuma iingie kwenye chemba. Plastiki nayo hukatika vipande, na vipande huingia kwenye mashine katikati ya mechi.

Ukitaka kuona kwa macho: toa rodi na springi, rudisha slaidi kwenye fremu, ivute hadi mwisho na uweke alama ya penseli kwenye utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye fremu. Rudisha springi na bafa, vuta tena. Alama zisipolingana, ama bafa imekula nafasi au koili za springi zimegusana kabla slaidi haijafika mwisho. Hilo la pili hutokea hata bila bafa, ukiweka springi ndefu isiyo ya rodi hiyo, na ndilo linaloharibu rodi.

Sheria_Kwanza
Kwa wengine watakaosoma: hayo ni ya Gen3. Gen4 na Gen5 zina springi mbili, moja ndani ya nyingine, na tundu la mbele la slaidi ni kubwa zaidi. Rodi ya Gen3 haikai humo bila pete ya kuziba nafasi.

Mlengaji_Nakuru
Na nikihamia daraja la CO (la bastola zenye saiti ya nukta), niweke saiti hiyo juu ya slaidi?

Fundi_Kisumu
Slaidi itakuwa nzito, kwa hiyo itakwenda polepole na kurudi na uzito zaidi. Baki na 15 na urudie vipimo vyote. Usibebe majibu ya slaidi ya kwanza.

Na rodi ya chuma ukiinunua, kuna skrubu mwishoni inayoishikilia springi. Toa mafuta kwenye nyuzi zake, weka tone la Loctite 243, acha ikauke usiku mzima. Vaa miwani unapoifungua, ikichomoka inaruka na springi yake. Springi ibadilishe kati ya risasi 3,000 na 5,000. Huku kwetu Kisumu unyevu huipa kutu kabla ya hapo, kwa hiyo ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya mazoezi.