Mrejesho: mzozo wa leseni ya programu yetu, Kisumu

Wakuu, niliwauliza tufanyeje na kampuni ya teknolojia ya Nakuru iliyolipia leseni ya mteja mmoja, kisha ikaiweka programu yetu ya mauzo kwa wateja wengine bila kulipia. Asanteni mno.

Tulifuata ushauri wa kusoma mkataba kabla ya kwenda kortini. Kipengele cha usuluhishi, yaani kutatua mzozo nje ya korti, kilikuwemo. Barua ya wakili ilitaja Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayolinda programu za kompyuta kama kazi za fasihi, na tukaambatisha kumbukumbu za seva, yaani rekodi za kompyuta zinazoonyesha matumizi ya programu. Hapo ndipo walipokubali kuketi nasi.

Sasa wanalipia kila mteja. Malipo ya nyuma tumepata nusu tu, na inauma, maana vijana wetu walikesha wakiiunda. Kuizima programu kwa mbali tulikataa: wenye maduka wanaoitumia hawakuwa na hatia.