Naombeni ushauri: nampeleka mama kwenye meli ya kitalii, masharti ya chanjo ya korona na barakoa yananichanganya

Furu wa Igombe (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Igombe. Dada yetu aliyeko Marekani amemlipia mama safari ya meli ya kitalii. Inang'oa nanga Miami Jumatatu tarehe 14 Februari 2022, inakwenda Bahamas na kurudi. Mama ana miaka 67, Kiingereza hajui, magoti yanamsumbua, kwa hiyo mimi ndiye msindikizaji. Tunaruka Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 9. Mama alichanja Johnson, ile ya sindano moja, mwaka jana mwezi wa nane, zile siku za mwanzo walipoanza na wazee. Na mimi nimechanja Johnson, cheti ninacho mkononi.

Maswali: barakoa huko melini ni muda wote? Maana mama akivaa dakika kumi anasema anakata roho. Na Johnson moja inatosha au wanataka na nyongeza? Mwenye uzoefu anisaidie, usingizi sipati. Kejeli sitaki.

Sangara Mnene
Kejeli hutaki halafu umekuja humu. Swali moja la kitaalamu: nyungu inaruhusiwa chumbani?

Bi Kokoto
Hongera kwa mama. Mimi dada yangu yuko huko huko miaka na miaka, kinachotufikia ni picha za theluji na ujumbe wa "nawapenda wote". Hata kanga hajawahi kumtumia mama. Ukimpigia anasema maisha magumu, ukifungua status unamkuta anakula kaa. Mwambie dada yako awafungulie wenzake darasa.

Mzee wa Kamanga
Vijana mnahangaika na barakoa, mimi nauliza boya liko wapi. Tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa kibarua bandarini Mwanza Kusini. MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba, imejaza watu kupita uwezo wake, ikapinduka ikiwa imekaribia kufika. Tumbo likabaki juu ya maji, na ndani watu wanagonga. Walipotoboa bati wawatoe, hewa ikatoka, ikazama moja kwa moja. Sitaki kusema zaidi. Tangu hapo nikipanda chombo chochote, hata kivuko cha kwenda Sengerema, cha kwanza naangalia boya, cha pili mlango. Mwambie mama yako avae viatu vya kuvulika haraka.

Mjukuu wa Nansio
Shikamoo mzee. Lakini ameuliza barakoa.

Mzee wa Kamanga
Marahaba. Boya kwanza.

Kauzu
Mimi hata mnilipe sipandi. Mmesahau Diamond Princess? Februari 2020 pale Yokohama, Japani, watu 3,711 ndani ya meli moja, zaidi ya 700 wakakutwa na virusi. Abiria walifungiwa vyumbani, wengine vyumba havina hata dirisha, chakula wanaletewa mlangoni. Utalii gani huo? Bora jela ya Segerea, angalau ndugu wanakuja kukuona.

Nesi wa Zamani
Kauzu, wakati huo chanjo haikuwepo popote duniani. Tusimtishe mtu.

Mleta uzi, kwa ufupi. Kwa Wamarekani Johnson moja inahesabika dozi kamili, nyongeza si sharti la kupanda. Barakoa: tangu kirusi kipya cha Omicron kilipoingia mwezi wa kumi na mbili, kampuni nyingi zimerudisha sharti la kuvaa ukiwa ndani, kwenye korido, lifti, ukumbi wa maonyesho. Ukikaa kula au kunywa unavua. Chumbani kwenu mko huru, na kwenye sitaha ya wazi kwa kawaida hamsumbuliwi. Kwa hiyo mama atafutiwe kiti nje upande wa kivuli, atakaa huko siku nzima apigwe na upepo.

Vipimo ni viwili. Cha ndege kisizidi siku moja kabla ya kuruka, hilo ni sharti la Marekani tangu tarehe 6 Desemba 2021. Cha meli, siku mbili kabla ya kupanda, hata kama umechanja.

Na hili sikufichi: taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, tangu tarehe 30 Desemba 2021 inashauri watu waepuke meli za kitalii hata waliochanja. Ni ushauri, si katazo. Mama wa miaka 67 lazima mlijadili na daktari wake.

Sasa nikuulize. Wa mama nimeusikia, mwezi wa nane. Wewe ulichanja lini?

Furu wa Igombe
Ahsante sana mama nesi, Mungu akubariki. Cheti kinasoma tarehe 16 Septemba 2021.

Sangara Mnene
Mnaona? Mtu anajua kusoma cheti.

Nesi wa Zamani
Mwanangu, nimekuuliza wewe, amejibu cheti. Sindano iliingia mkononi tarehe ngapi?

Furu wa Igombe
Kwani si kitu kile kile? Chanjo nimechanja, mkono ulivimba, homa niliipata usiku kucha. Sijafoji chanjo.

Mjukuu wa Nansio
Hakuna aliyesema umefoji. Hilo neno umelileta mwenyewe mkuu.

Furu wa Igombe
Sawa, niseme. Nilichanja Ijumaa hii iliyopita, tarehe 28 Januari. Nilisoma mahali kwamba unatakiwa ukae siku 14 ndipo uhesabike umekamilika, nikaona zinanibana. Kwenye kituo kimoja hapa mjini kuna kijana anaingiza taarifa kwenye mfumo, tumesoma wote, akaniwekea Septemba. Cheti kina ile alama ya kuskani na kila kitu. Ukiskani kinatokea vizuri kabisa.

Kabla hamjaanza kunisulubu: sindano ni ya kweli, dawa iko mwilini. Tarehe ni karatasi tu. Sijaua mtu. Na mama hawezi kusafiri peke yake, ndege za kuunganisha mbili, atapotea.

Mtumishi wa Buzuruga
Ndugu, hata nyoka kule bustanini hakuanza na uongo mzima. Alibadilisha maneno kidogo tu. Nakusihi utubu kabla ya safari maana kwenye maji hakuna pa kukimbilia.

Bi Kokoto
Mtumishi, Yona mwenyewe alikimbilia majini na akapata usafiri wa bure.

Kauzu
Mimi nauliza kitu kimoja. Rais Samia alichanja hadharani Ikulu tarehe 28 Julai 2021, nchi nzima inatazama. Ukangoja miezi sita unatafuta nini?

Furu wa Igombe
Nilikuwa naangalia kwanza waliochanja wanakuwaje.

Mjukuu wa Nansio
Tusimlaumu sana. Kanda ya ziwa tulimsikia hayati Magufuli pale Chato Januari 2021 akisema chanjo hazifai, na sauti yake huku ilikuwa sheria. Baba yangu mpaka leo ana ndoo ya majani ya mwarobaini nyuma ya nyumba. Nilipochanja sikumwambia, nilivaa shati la mikono mirefu wiki nzima kwenye joto la Nansio.

Nesi wa Zamani
Turudi kwenye tarehe, maana huyu kijana amejichimbia shimo bila sababu.

Furu, siku 14 zinahesabiwa hivi: umechanja tarehe 28 Januari, siku ya kwanza unayokubalika ni tarehe 11 Februari. Meli inaondoka tarehe 14. Kwa meli uko salama na tarehe yako ya kweli! Kinachokukamata ni ndege, kwa sababu tangu tarehe 8 Novemba 2021 mgeni anayeingia Marekani kwa ndege naye anatakiwa awe amekamilisha. Ukiruka tarehe 9 hujakamilisha. Ukiruka tarehe 11 umekamilisha, na tarehe 12 au 13 asubuhi uko Miami, mama anapumzisha magoti, mnapima, Jumatatu mnapanda. Tiketi mbili za ndege zisogezwe siku mbili mbele, basi.

Sangara Mnene
Yaani amehonga kwa ajili ya siku mbili. Hii kali.

Furu wa Igombe
Sikuhonga, nilimpa ya soda. Na kusogeza tiketi ni rahisi kusema. Kuna faini ya kubadilisha, dada ndiye analipa, ataniuliza kwa nini. Yeye anajua nilichanja zamani. Halafu cheti kimeshatoka, jina liko kwenye mfumo. Nani atakagua Septemba na Januari? Wale wa uwanja wa ndege wanaangalia jina na pasipoti.

Nesi wa Zamani
Wanaangalia zaidi ya hapo. Kadi ina namba ya toleo la chanjo. Chupa uliyochomwa Ijumaa ina namba yake. Kijana wako Septemba ameiandikia namba gani? Ama ameweka ya Ijumaa, ambayo inaweza kuwa ya shehena iliyokuja baadaye, ama amechukua ya mtu mwingine. Na kabla ya kupanda ndege kuna tamko unasaini kwamba umechanja kwa masharti yao. Kudanganya pale ni jinai kwa sheria za Marekani. Uko tayari kusaini mama akiwa amekushika mkono?

Kauzu
Na watu wanakamatwa kweli. Agosti 2021 kule Hawaii walimnasa mwanamke aliyetua na kadi imeandikwa "Maderna" badala ya Moderna. Wasafiri wengine wawili waliotoka Marekani wakaingia Toronto na kadi za kughushi, kila mmoja akapigwa faini ya karibu dola elfu 20 za Kanada. Hiyo ni hela ya kununua mitumbwi na injini zake mpaka Igombe yote ikuite bosi.

Furu wa Igombe
Hao hawakuchanja kabisa. Mimi nimechanja. Mbona hamtaki kuona tofauti?

Dagaa Mkavu
Wakuu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa napekua. Hii ni chai. Chai ya rangi, haina hata tangawizi. Mwezi wa kumi huyu huyu Furu alifungua uzi wa mirathi ya kiwanja, akaandika kwa mkono wake kwamba mama yake alitangulia mbele za haki mwaka 2014. Tukampa pole kurasa mbili nzima. Leo mama ana magoti na anakwenda Bahamas?

Sangara Mnene
Eeeh! Mama amefufuka na amechanja!

Bi Kokoto
Na mimi nimeshamwaga siri za dada yangu hapa kwa ajili ya hadithi ya kutunga. Moderata futa ujumbe wangu.

Mtumishi wa Buzuruga
Nilihisi tangu mwanzo rohoni.

Mjukuu wa Nansio
Mtumishi ulihisi rohoni na bado ukahubiri?

Furu wa Igombe
Dagaa Mkavu, una kazi? Aliyefariki ni mama aliyenizaa. Huyu ni mama mkubwa, ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, ada alilipa kwa kukaanga samaki pale Mwaloni. Kwenu mama mkubwa mnamwitaje, jirani?

Dagaa Mkavu
Ungeandika mama mkubwa tangu mwanzo tusingefika hapa. Mtu akisoma "mama" anajua mama.

Mzee wa Kamanga
Wewe Dagaa umelelewa mjini. Dada ya mama yako ni mama yako, hakuna mkubwa wala mdogo mbele za watu. Ni makosa makubwa kumuuliza mtu mama yupi.

Bi Kokoto
Mzee hapo nakupinga. Kwenye msiba ni mama, kwenye mirathi ghafla anakuwa mama mkubwa. Nimeyaona kwetu kwa macho yangu.

Dagaa Mkavu
Ahsante Bi Kokoto. Na kama ni mama mkubwa, ana watoto wake wa kuwazaa. Dada wa Marekani ni binti yake, sawa. Hana mtoto wa kiume wa kumsindikiza mpaka aende mpwa?

Furu wa Igombe
Anaye. Safari ilikuwa ya kaka, viza tuliomba watatu kwa pamoja. Kaka akagoma kuchanja, akasema heri abaki na ng'ombe wake Magu. Mwezi huu wa kwanza ndipo dada akapiga simu, akauliza, "Furu, wewe ulichanja?" Nikasema ndiyo. Lilitoka tu. Ningesema hapana, angetafutwa mtu mwingine na mama angeenda na asiyejua hata dawa zake anakunywa saa ngapi.

Mjukuu wa Nansio
Sasa hapo ndipo penye uzi. Barakoa ilikuwa geresha.

Nesi wa Zamani
Nimekuelewa kuliko mwanzo. Lakini dada yako atakukasirikia siku moja, na kampuni nyingi za meli kipindi hiki zinakubali kusogeza safari, kwa hiyo hata likishindikana la ndege hela yote haipotei. Muulize.

Furu wa Igombe
Mama nesi, la mwisho. Tuseme dada nimemwambia asogeze tiketi iwe tarehe 11, nikampa sababu nyingine, kipimo au nini. Kisha nikaenda na cheti hiki hiki cha Septemba. Siku 14 zitakuwa zimetimia kweli, na cheti hakimsumbui mtu. Si vyote vinakuwa sawa?

Nesi wa Zamani
Hapana. Kesho asubuhi nenda kituoni, umwone mganga mfawidhi, si yule kijana. Irekebishwe iwe 28 Januari. Ukitoka hapo ndipo unampigia dada, na unamwambia ilivyokuwa.

Furu wa Igombe
Nikienda kwa mfawidhi namchomea rafiki yangu kazi.

Kauzu
Haya, sasa limekuja la rafiki.

Mzee wa Kamanga
Mwanangu Furu, huyo kijana wa kwenye mfumo anachukua shilingi ngapi? Nina mtu wangu anakwenda Dubai Jumapili. Nijibu pembeni.