Nyumba za Lexington, Nebraska "bei chee": mtu anunue sasa au akae mbali?

Mdau_wa_Omaha: Wakuu habari zenu. Mimi na wife tumepanga Omaha na kodi ya pango inatumaliza. Kuna dalali ananiandama na nyumba za Lexington, kule Dawson County, anasema tangu Tyson, ile kampuni ya nyama, wafunge kiwanda chao cha kuchinja ng'ombe pale Januari hii 2026 wauzaji watakuwa wengi na bei lazima ishuke. Mimi naendesha lori, naweza kuishi popote kando ya barabara kuu ya I-80, na ule mkopo wa nyumba za vijijini wa USDA (wizara ya kilimo ya Marekani) hautaki kianzio. Ninunue nisinunue? Naomba hoja sio matusi.

Barabara80: Jiulize kwanza kwa nini inashuka. Mji wa watu kama elfu 11, kiwanda kimoja kimeajiri 3,200, kimefungwa. Hapo hujamhesabu muuza matairi, duka la halali, kinyozi, mwalimu anayesubiri kuona darasa lake litabaki na watoto wangapi. Ukitaka kuuza baadaye utamuuzia nani? Kodi ya majengo Nebraska nayo ni kali halafu inalipwa kinyumenyume, ya 2025 unailipa 2026, nusu Mei mosi nusu Septemba mosi, kwa hiyo bei ya soko inashuka leo na bili inakuja kwa thamani ya zamani. Na bila kianzio, bei ikiteleza kidogo tu deni linakuwa kubwa kuliko nyumba. Ila tuseme ukweli, watu wa kiwandani walijitakia, miaka yote ya ovataimu ni pikapu za mkopo na michango ya harusi, akiba hakuna.

MamaHalima_Lex: Walijitakia?? Barabara80 umewahi kushika kisu wewe? Mimi nimefanya kazi ya nyama jimbo lingine kabla sijaja huku kutunza wazee, nakwambia kuna asubuhi vidole vinakataa kukunjuka mpaka uviloweke maji ya moto ndo uweze kufunga vifungo vya mtoto. Hizo pikapu unazoziona nyingi, mtu anakaa nje ya mji, shifti inaanza alfajiri, barafu barabarani, basi hakuna, ulitaka aende na nini? Na hela niliyotuma Kakuma imesomesha wadogo zangu watatu. Usiniambie sina akiba.

Barabara80: Mama sijakutaja wewe. Nimesema pikapu. Nawajua watu wanalipia gari kuliko wanavyolipia nyumba, na wewe unawajua.

Kigoma2Kearney: Mkuu wewe kila uzi lazima uwasimange wabeba boksi, na hilo trela unalovuta limebeba nini kama sio maboksi.

Tukirudi kwa mtoa mada, mji huu haujafa leo mara ya kwanza. Lile jengo kabla ya nyama lilikuwa la New Holland, walitengeneza mashine za kuvunia, wakafunga katikati ya miaka ya 80 na watu wakahama. 1990 wakaja IBP, kampuni ya kuchinja ng'ombe, Tyson wakainunua IBP 2001, na mji ukajaa Walatino, baadaye Wasomali na sisi wengine. Aliyenunua nyumba kipindi cha ukiwa alikula. Na umeme Nebraska ni wa mashirika ya umma jimbo zima, bili hazitishi. Mimi ningenunua.

Mitamba_na_Mahindi: Kigoma, 1990 IBP walifuata ng'ombe. Sasa ng'ombe wenyewe wako wapi? Idadi ya ng'ombe Marekani ndo ndogo kuliko wakati wowote tangu 1951. Ukame uliwabana wafugaji wakauza mpaka mitamba, na mtamba ukimbakiza leo ndama wake anafika kuchinjwa baada ya miaka kama mitatu. Juu ya hapo 2025 mpaka wa Mexico ukafungwa kwa ng'ombe kwa ajili ya wale funza wanaokula mnyama akiwa hai. North Platte wamefungua kiwanda kipya cha nyama, Sustainable Beef, 2025, karibu saa nzima kwa gari, wanapanga ng'ombe 1,500 kwa siku. Lexington ilikuwa inaweza mpaka 5,000. Fanyeni hesabu. Na mkulima wa mahindi aliyekuwa anauza kwenye mabanda ya kunenepesha hapo jirani, naye anaumia kimya kimya.

Kijana_wa_Uvira: Mi nabaki kwenye michango. Baba yangu alipofariki ni hao hao wa kiwandani walichanga tukasafirisha mwili. Ndani ya siku mbili. Benki gani ingenipa? Barabara80 futa ile sentensi.

Barabara80: Sifuti. Msiba na harusi ni vitu viwili, na mtu aliyefukuzwa kazi hawezi kula shukrani.

MamaHalima_Lex: Hakufukuzwa mtu! Kiwanda kimefungwa. Maneno yako yanaonyesha unavyotuona.

Mdau_wa_Omaha: Jamani nyumba, nyumba.

Kigoma2Kearney: Mdau, kama mshahara wako hautoki Dawson County we hufungwi na kiwanda, tofauti na hao wengine. Ila ofa yako iwe chini sana, na wife apate kazi mji wa jirani wa Kearney, ni nusu saa na ushee.

Mitamba_na_Mahindi: Nusu saa Julai. Januari sio nusu saa. Na hiyo ya kutoa ofa chini sana, unajua anayeuza ni nani? Ni yule aliyekuwa kwenye laini miaka 15 na mogeji bado mbichi.

MamaHalima_Lex: Asante kwa kulisema hilo. Mdau, mimi hapa napanga na mwenye nyumba hajashusha hata dola moja, anasema mjini hakuna nyumba. Huyo dalali wako amekutajia bei gani na mtaa gani? Iweke hapa, maana sisi tuliopo tunaambiwa habari nyingine kabisa.