Mjadala: Je, mwezi wa kuzaliwa uangaliwe tunapoteua vijana wa magongo magharibi mwa Kenya?

Mwalimu wa magongo, Kakamega

Wapenzi wa mpira wa magongo (hoki), hamjambo. Naleta swali ambalo hunikosesha raha kila Januari.

Magongo huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa kikapu, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Shule hufunguliwa, na kabla wanafunzi wapya hawajazoea hata njia ya bwalo, sisi walimu tunateua kikosi, kwa sababu kaunti ndogo inatungoja, kisha kaunti, kanda na taifa. Mtoto huangaliwa jioni chache. Anayekimbia sana na kuupiga mpira kwa nguvu huchukuliwa. Mwenzake huambiwa ajaribu mwaka ujao, na mwaka ujao harudi.

Mimi naamini wengi tunaowaita wenye kipaji wamewazidi wenzao miezi tu. Napendekeza kila orodha ya majaribio, kuanzia sekondari ya msingi, iwe na tarehe ya kuzaliwa mbele ya mteuzi, na kila shule itenge nafasi za mazoezi kwa walio wadogo zaidi hata kama hawatachezeshwa mechi msimu huo.

Waliolichunguza jambo hili mapema ni watu wa Canada, kwenye hoki ya barafu. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno wakilinganishwa na wa miezi ya mwisho. Hoki ya watoto kule hugawanywa kwa mwaka wa kalenda, mpaka wa umri ukiwa 1 Januari. Mtoto wa 2 Januari na wa 30 Desemba huwekwa kundi moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu mwaka mzima wa kukua. Wakiwa na miaka tisa, mwaka huo ni mwili mwingine kabisa. Yule mkubwa huingizwa timu bora, akapata kocha bora, saa nyingi za mazoezi na mechi ngumu. Miaka mitano baadaye ni kweli anacheza vizuri zaidi, lakini ubora huo aliupata baada ya kuchaguliwa.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto aliyeachwa nje ya timu akiwa Gredi ya 7 atasimama wapi kusema mkondo wake ni michezo?

Kocha wa klabu, Kisumu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe.

Huko Canada mtoto huzaliwa hospitalini na tarehe yake huandikwa siku hiyo hiyo. Sisi tuna vijana waliozaliwa nyumbani, cheti kikaja kutafutwa wakati wa kusajiliwa mtihani, na mzazi akakumbuka mwaka tu, au msimu wa mvua. Juu ya hapo tuna udanganyifu wa umri ambao kila mtu humu anaujua. FIFA ilianza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kwa sababu karatasi peke yake haikutosha. Leo unataka nimpe mtoto nafasi kwa sababu karatasi inasema Novemba? Msimu mmoja tu, na utaona vyeti vya Novemba vikijaa mezani.

La pili, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nikimwona kijana mwenye kasi leo, nitamfundisha leo. Kwenye timu ya shule ninayoifundisha nina wachezaji 11 uwanjani na mwalimu mkuu anayeuliza kombe liko wapi. Siwezi kumjibu kwamba nimemweka benchi mwenye nguvu ili nimngoje atakayekua.

Mama wa mchezaji, Nakuru

Binti yangu ni wa mwisho wa Novemba. Darasani yuko sawa na wenzake, uwanjani wanampita kichwa. Ameachwa kwenye majaribio na bado kila Jumamosi anapiga mpira ukutani na gongo la dadake. Kocha wa Kisumu, mimi siombi apewe mechi. Naomba aruhusiwe kufanya mazoezi na wengine, basi.

Mchezaji wa zamani, Kitale

Nimeyasoma yote. Mimi nilikuwa mdogo kwa umbo nilipoingia kidato cha kwanza, na hakuna aliyeniangalia cheti. Nilipigwa vikumbo nikajifunza kupokea mpira nikiwa tayari nimegeuka, na kuutoa kabla mlinzi hajanifikia. Ugumu huo ndio uliofanya niitwe mchezaji.

Hata takwimu za hao watu wa hoki ya barafu zinaniunga mkono. Robert Deaner na wenzake walichunguza uteuzi wa vijana wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, kuanzia 1980 hadi 2006, wakachapisha mwaka 2013. Waliozaliwa kuanzia Julai hadi Desemba, wakilinganishwa na wale wa Januari hadi Machi, walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kufikisha mechi 400 au pointi 200 (mabao na pasi za mabao) katika maisha yao ya uchezaji. Maana yake wadogo waliostahimili waliibuka bora. Tukianza kuwabeba, tutawanyima kile kilichowakomaza. Waacheni wapambane.

Mwalimu wa magongo, Kakamega

Ndugu yangu wa Kitale, asante kwa kuuleta utafiti huo, maana umeacha nusu yake. Watafiti hao hao waligundua kwamba vijana wa nusu ya pili ya mwaka walichaguliwa zaidi ya nafasi 40 nyuma ya pale kazi yao ya baadaye ilipoonyesha walistahili. Walifanya vizuri kwa sababu mlango wao ulikuwa mwembamba: mtu wa Novemba alilazimika kuwa hodari kweli ndipo aonwe sawa na mtu wa Februari wa wastani. Nao ni waliofika. Walioacha gongo wakiwa na miaka 12 hawamo katika hesabu yoyote. Wewe ulivumilia vikumbo, na nafurahi. Lakini kati ya wale mlioingia nao kidato cha kwanza mkiwa na umbo moja, wangapi walibaki mpaka cha nne?

Kitu kingine ambacho utafiti huo unanifundisha ni kwamba wateuzi wale walikuwa wataalamu wa kulipwa, wanaowaangalia vijana wa miaka 18, tena habari ya mwezi wa kuzaliwa ikijulikana tangu 1985. Bado upendeleo haukupungua miaka ilivyosonga. Sisi tunaoteua kwa jioni chache tutauepukaje bila kuweka utaratibu?

Pia tuwe waangalifu tunapotaja tarehe, maana mpaka wenyewe hubadilika. Kwenye uteuzi wa NHL, kijana anayetimiza miaka 18 kufikia 15 Septemba huingia mwaka huo. Aliyezaliwa siku moja baadaye hungoja mwaka mzima. Alexander Ovechkin alizaliwa 17 Septemba 1985, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2004. Auston Matthews, wa 17 Septemba 1997, wa kwanza 2016. Wote wawili walikosa uteuzi uliotangulia kwa siku mbili, wakaingia uliofuata wakiwa miongoni mwa wakubwa kabisa. Sidney Crosby, wa 7 Agosti 1987, aliitwa wa kwanza mwaka 2005 hata kabla ya kutimiza miaka 18. Anayelinganisha mabao ya kijana wa Oktoba na ya kijana wa Agosti waliosimama kwenye uteuzi mmoja analinganisha watu waliopishana karibu mwaka. Kwa hiyo sisemi Novemba ni mwezi wa bahati mbaya. Nasema mteuzi aulize: huyu yuko upande gani wa mpaka, na wa mpaka upi?

Mwalimu wa sekondari ya msingi, Vihiga

Nashukuru kwa mjadala huu. Naona nyote mmepita kando ya jambo moja, nalo ni balehe.

Katika darasa langu la Gredi ya 8 kuna wavulana wawili waliopishana wiki chache, lakini mmoja ana sauti nzito na mabega, mwingine bado mtoto. Wavulana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wengine sentimita 8 hadi 10 kwa mwaka. Wasichana hutangulia, karibu na miaka 12. Lakini hiyo ni wastani tu, na watoto wa umri mmoja wanaweza kuachana kwa miaka miwili au zaidi katika ukuaji wa mifupa. Mwezi wa kuzaliwa hautakuonyesha hilo. Kwa hiyo Kocha wa Kisumu anayehofia vyeti, chukua futi ya kupimia. Pima urefu kila muhula, uandike. Anayerefuka upesi muhula huu mara nyingi hupoteza uratibu wa miguu kwa muda, usimfukuze. Ambaye hajaanza kurefuka usimhukumu.

Na kwako, Mwalimu wa Kakamega, tarehe kwenye karatasi haitoshi. Uholanzi walijaribu jambo hili kwa mpira wa miguu, utafiti ukachapishwa 2017. Wateuzi walitazama mechi za watoto. Walipopewa tarehe za kuzaliwa, waliendelea kuwapendelea wakubwa vilevile. Upendeleo ulitoweka pale namba za jezi zilipopangwa kwa kufuata umri na wateuzi wakaambiwa hivyo, ikawa kila anayekimbia anaonekana mgongoni ni wa ngapi kwa umri. Jicho linahitaji kukumbushwa mtoto akiwa na mpira. Hilo tunaweza kulifanya kwa jezi tulizo nazo.

Kocha wa klabu, Kisumu

Hilo la namba za jezi limenigusa, kwa sababu halimnyimi mtu nafasi. Niko tayari kulijaribu katika mazoezi ya watoto ya likizo ya Agosti. Urefu pia nitaupima. Lakini kwenye timu ya mashindano ya muhula wa kwanza msimamo wangu ni ule ule: anacheza aliye bora siku hiyo.

Na mama wa Nakuru, mlete binti mazoezini popote palipo na klabu karibu. Hapa kwetu wasichana wanaotoka shule kama Sinyolo huilenga Lakers, klabu ya magongo ya Kisumu, na hakuna kocha mwenye akili anayemfukuza mtoto anayepiga ukuta kila Jumamosi.

Mwalimu wa magongo, Kakamega

Mwalimu wa Vihiga, nachukua la jezi, naacha karatasi.

Kocha, kuhusu huyo aliye bora siku hiyo, tuangalie viwanja vyetu. Shule nyingi za huku, hata zenye jina katika magongo, zinafanyia mazoezi kwenye nyasi zenye mashimo au udongo mgumu. Pasi fupi hukwama au kuruka juu ya gongo, kwa hiyo anayeshinda ni mwenye pigo refu la nguvu, na mwenye pigo hilo katika miaka 13 ni yule aliyetangulia kukua. Tukimpeleka uwanja wa City Park, Nairobi, kwenye nyasi bandia, mpira unaenda kasi na tambarare, pigo lake linakuwa kitu cha kawaida, na tunaanza kumtafuta mchezaji wa kupokea, kugeuka na kutoa. Huyo tulimwacha nyumbani. Ubora wa siku hiyo, kwa sehemu kubwa, tunapimiwa na uwanja mbovu.

Timu ya wanaume ya Kenya ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971. Tangu Seoul 1988 haijacheza Olimpiki tena. Sababu ni nyingi, pesa na viwanja zikiwa mbele, na sitadai kwamba mwezi wa kuzaliwa ndio uliotufikisha hapa. Lakini nchi yenye wachezaji wachache wa magongo kama yetu haiwezi kumudu kutupa nusu yao kila Januari.

Basi naomba tukubaliane hata kwa hili dogo. Wachezeshe wakubwa wako muhula wa kwanza, Kocha, sitakuzuia. Lakini muhula wa pili na wa tatu, wakati hakuna kombe la magongo la kutafuta, wote walioachwa Januari waitwe tena, wavae jezi za namba kwa umri, na wapangwe timu kwa urefu badala ya darasa. Mimi naanza Mei, na nitaleta matokeo humu, mabaya kwa mazuri. Nani mwingine yuko Kakamega, Vihiga au Siaya tuchezeshe watoto hawa pamoja?

Mwalimu wa sekondari ya msingi, Vihiga

Mimi nipo. Magongo yangu hayatoshi watoto wote, ila wangu watafika. Tuseme Jumamosi ya pili baada ya kufungua?