Duka la mtandaoni linafunguka taratibu: nimchukue frilansa wa nje, fundi wa hapa, au nihame seva?

dada_vitenge (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za kazi. Nina duka la vitenge na kanga Kariakoo, na tangu mwaka jana nauza pia mtandaoni kwa WordPress (mfumo wa kutengeneza tovuti) na WooCommerce, plagini yake ya duka. Wateja wengi ni wa mikoani, wananiona Instagram, wanabonyeza linki. Juzi mama mmoja wa Songea kanipigia: "Mwanangu, duka lako limezunguka wee mpaka bando likakata." Imeniuma, maana alikuwa anatafuta doti kumi na mbili za sare ya harusi.

Nimepima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, upande wa simu. Alama 23 kati ya 100, na picha kubwa ya juu inatokea baada ya sekunde 9.4. Google wanataka isizidi sekunde 2.5. Nina njia tatu:

1. Frilansa wa Upwork (soko la mtandaoni la mafundi wa kujitegemea), dola 180, anaahidi alama 90 kwenda juu ndani ya siku mbili.
2. Fundi wa hapa Dar, Sh 350,000. Huyu hajaahidi alama yoyote, anasema akague kwanza siku nzima.
3. Nihame seva (ya sasa ipo Marekani), ninunue plagini ya kashe (inayotunza nakala ya ukurasa ili usitengenezwe upya kila mteja akifungua), nifanye mwenyewe.

Mliopitia haya naombeni ushauri. Hela ni ya mtaji, sitaki kuitupa.

fundi_wa_seva

Dada, kabla ya kulinganisha bei, tujue ugonjwa. Ukurasa wa mwanzo una uzito gani? Na seva inachukua muda gani kabla ya kutuma herufi ya kwanza? Ikipita sekunde 0.8, shida imeanzia huko nyuma na picha hazihusiki. Ikiwa chini ya hapo, tazama unachotuma.

dada_vitenge

Mkuu, nimeangalia. Seva sekunde 1.6. Ukurasa wa mwanzo MB 14. Juu kuna mabango matano yanayopokezana, kijana wangu wa matangazo huwa ananitumia ya PNG.

fundi_wa_seva

Basi una magonjwa mawili. Bango moja la PNG la picha ya kitenge linafika MB 2 au 3 kwa urahisi, kwa sababu PNG haikubali kupoteza hata nukta, na kitenge ni rangi tupu na michirizi. Bango hilohilo likigeuzwa kuwa WebP, aina ya picha nyepesi, kwa upana wa simu linashuka hadi KB 100 hivi, na mteja haoni tofauti. WordPress inapokea WebP tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, kwa hiyo hili halihitaji dola 180. Bakiza bango moja. Hakuna anayesubiri la tano.

Hizo sekunde 1.6 ndizo za kumlipia mtu. Sababu inaweza kuwa toleo la zamani la PHP, lugha inayoendesha WordPress (7.4 iliachwa kutunzwa Novemba 2022 na bado naikuta kila wiki), plagini zilizoondolewa zikaacha takataka kwenye hifadhidata, au seva mnayoshirikiana na tovuti mia. Afungue plagini ya uchunguzi ya Query Monitor aone ni swali lipi kwa hifadhidata linachelewa.

bahari_ya_mvita (Mombasa)

Dada, salaam. Mimi naomba uiogope hiyo ahadi ya alama 90. Nilimlipa mtu aliyeniahidi hivyo hivyo, na kweli akanipa 96. Nikafurahi. Wiki ya pili wateja wakaanza kulalamika kwamba wanagusa kitufe cha "Weka kikapuni" na hakifanyi kitu mpaka waguse mara ya pili. Kumbe alichelewesha JavaScript yote, yaani msimbo unaofanya vitufe vifanye kazi, isipakie mpaka mtu aguse skrini. Kipimo hakigusi skrini, kwa hiyo kiliona ukurasa mwepesi. Binadamu alikuwa anagusa kitu kilichokufa. Wapo hata wanaoandika msimbo wa kumtambua roboti wa kipimo, wampe ukurasa mtupu na wewe ubaki na ule wako mzito.

Tangu Machi 2024 Google wanaangalia pia INP, yaani simu inajibu haraka kiasi gani mtu akigusa, na kiwango kizuri ni milisekunde 200 au pungufu. Muulize frilansa wako ataifanyia nini. Akijibu kwa kukutumia picha za alama za kijani za wateja wake wengine, achana naye.

kijana_wa_mwanza

Mimi nitetee njia ya tatu kidogo. Duka langu la vifaa vya simu nililirekebisha mwenyewe. Nilipunguza picha, nikaweka LiteSpeed Cache, ambayo ni bure lakini kashe yake ya kurasa inafanya kazi kama seva yako ni ya LiteSpeed, uliza kwanza. Likawa jepesi.

Ila naandika hasa kwa ajili ya hili: niliwasha kashe kila mahali, hadi ukurasa wa kikapu na wa malipo. Mteja wa Bariadi akafungua malipo akakuta jina na namba ya simu ya mteja wa Geita. Nilizima duka usiku uleule na kumpigia kila mmoja kumwomba radhi. Kikapu, malipo na akaunti ya mteja haviingii kwenye kashe kamwe. Atakayekufanyia kazi, mwulize hilo kabla hujampa neno la siri.

mlimani88

Wakuu, hamjagusa suala la seva kuwa Marekani. Kutoka Dar kwenda kule na kurudi ni robo sekunde hivi, na simu inakwenda na kurudi mara kadhaa kabla haijaona chochote. Wateja wake wako Songea na Kigoma. Alete seva nyumbani. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, walioweka seva hapa walipumua.

fundi_wa_seva

Mkuu mlimani88, nakubaliana na wewe nusu. Umbali unaumiza, lakini akihamisha MB 14 na hifadhidata iliyojaa takataka, atakuwa amehama na kunguni wake. Cloudflare, kampuni inayotunza nakala za tovuti kwenye vituo vyake duniani, wana kituo Dar, na huduma yao ya bure itahifadhi mabango na picha karibu na wateja. Ukurasa wenyewe bado utatoka Marekani, kwa sababu bila kuipangia hawahifadhi HTML. Aanzie hapo, kuhama kuje baadaye kama namba zitadai.

Dada, ningekuwa wewe ningemchukua huyu wa kukagua kwanza. Si kwa sababu ni wa hapa, nimeona wa nje wazuri sana. Ni kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekataa kuagua kabla hajamwona mgonjwa. Mpe akaunti yake ya muda, usimpe yako. Afanyie kwenye nakala ya majaribio, si duka lenyewe. Nakala rudufu uitunze wewe. Lipa nusu baada ya ripoti, nusu baada ya kazi.

bahari_ya_mvita

Na kipimo cha mwisho kiwe simu ya kawaida yenye bando la kawaida. Si kompyuta yake yenye faiba.

dada_vitenge

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilimchukua fundi wa hapa. Ripoti yake ilikuwa kurasa mbili: mabango, PHP 7.4, na plagini ya takwimu niliyoifuta mwaka jana ikaacha data nyingi kwenye jedwali la mipangilio, ambayo duka lilikuwa linaipakia kila ukurasa ukifunguliwa. Seva sasa ni sekunde 0.6 na hatujahama. Ukurasa wa mwanzo MB 1.3. Alama ni 71, wala simdai zaidi.

Tulipimia Tecno ya kijana anayenifungia mizigo, pale dukani, data ya kawaida. Bango lilitokea sekunde ya tatu. Nikamtumia linki yule mama wa Songea. Alichagua rangi mwenyewe, akaweka doti kumi na mbili kikapuni.

Ukurasa wa malipo tu bado unavuta. Fundi anasema plagini ya malipo inasubiri jibu kutoka nje kila unapofunguliwa. Anarudi Jumatatu.